Niambie Kama Anakula

Xiakeng, 9 Machi 2004

Mdogo wangu Lianfeng,

Pokea salamu za nyumba nzima, wewe na shemeji yangu Haisheng na binti yenu. Sisi tupo. Mvua imenyesha siku kumi na moja mfululizo na haradali yote imelala chini. Goti la mume wangu, shemeji yako Tu, limevimba tena. Yeye anasema ni hali ya hewa, mimi nasema ni ukaidi wa kuingia matopeni peku. Mwanangu Zhiping ametuma habari kutoka kiwanda cha viatu kwamba hatarudi nyumbani hadi Mwaka Mpya. Bata wametotoa vifaranga ishirini na vitatu, na mpaka leo hakuna kilichokufa.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu ya kijiji iko dukani kwa mjane Yu, na neno ukilisema pale asubuhi, mchana linakurudia limeota mkia. Heri barua.

Sasa jambo lenyewe. Figili anaondoka. Kituo cha watoto kilinipa akiwa na siku arobaini, nimlee mpaka apate wazazi, nami nikaisahau hiyo "mpaka". Wazazi wamepatikana, mume na mke kutoka Amerika. Atakabidhiwa kwao mkoani tarehe kumi na mbili Aprili, kisha watamleta huko kwenu Guangzhou kumalizia mambo ya ubalozi. Hoteli waliyotajiwa iko kisiwani Shamian, hatua chache kutoka mgahawa wako.

Wewe ulimwona mara moja tu, hajaota hata meno. Sasa ana miaka miwili na miezi kumi. Tulimwita Figili kwa ile miguu yake, mifupi, minene na myeupe, na jina limegoma kutoka. Utamtambua kwa kovu juu ya nyusi ya kushoto, alipodonolewa na bata dume. Tena akibebwa na usingizi ukimjia, hushika ndewe ya sikio la anayembeba akaiviringa vidoleni mpaka alale.

Nakuomba mawili. La kwanza, mtazame, kisha uniambie kama anakula. Mtoto anayekula yuko salama, hayo mengine ni maneno. La pili, usiseme wewe ni nani. Usimwite jina lake, usimbebe. Mkuu wa kituo anasema mtoto akivutwa huku na huku huchanika, na ingawa simpendi yule mama, hapo amesema kweli.

Fomu ya mazoea yake, anakula nini, analala vipi, nimeijaza mwenyewe, na nimeijaza vizuri.

Moshi wa jikoni unanisumbua macho, kwa hiyo naishia hapa.

Dada yako,
Runxiu


Guangzhou, 21 Machi 2004

Dada yangu,

Barua yako imefika na tope la kwetu kwenye pembe, nikainusa kabla ya kuifungua. Haisheng anakusalimu. Bado anatengeneza lifti za watu, halafu anarudi nyumbani kupanda ngazi, maana lifti ya jengo letu ni mbovu na mwenye nyumba hamwiti. Binti anajiandaa kwa mtihani wa kuingia chuo na hasemi na mtu. Mpe shemeji pole ya goti. Apake tangawizi iliyochemshwa, na asipotaka mshike umpake.

Lakini Dada, huo moshi wa jikoni umeanza kukuliza mwaka gani? Tangu nina akili nakuona mbele ya jiko hilo hilo, macho makavu.

Kuhusu hao wageni usiwe na hofu. Nawaona kila siku. Mimi ndiye mwenye meza ya uji, na asubuhi wote hupita kwangu, kila mmoja na kigari cha mtoto na uso wa mtu aliyepewa sahani ya thamani asiyojua aiweke wapi. Watoto wanavalishwa viatu vinavyolia kama kifaranga kwa kila hatua, mpaka kisiwa kizima kinalia. Wanapigwa picha chini ya miti, wanapelekwa hekaluni, wanapanda mashua ya mtoni. Mchana wazazi hutafuta viazi vya kukaanga. Si watu wabaya. Mwaka jana mmoja aliniomba nimfundishe kufunga mtoto mgongoni, akajifunga yeye mwenyewe na kiti.

Nitamtazama Figili wako. Nitakuwa bubu kama jiwe la kusagia.

Ila nikuulize, na usinikasirikie. Uliwahi kuwaomba wakuachie?

Mdogo wako,
Lianfeng


Xiakeng, 14 Aprili 2004

Lianfeng,

Hatujambo. Sikukuu ya kufagia makaburi tulikwenda kwa mama, tukang'oa majani, shemeji yako akapaka rangi upya maandishi ya jiwe. Nilimwambia mama kwamba hukuweza kuja kwa sababu ya kazi. Jua limetoka.

Figili amekwenda juzi. Gari la kituo lilikuja asubuhi. Siku hiyo haina la kusimulia, usiniulize.

Shemeji yako alichinja bata jioni yake, sijui kwa sababu gani, na hakuna aliyemla.

Niambie kama anakula. Hilo tu.

Runxiu


Guangzhou, 20 Aprili 2004

Dada,

Salamu baadaye. Nyumbani kwangu wazima, nawe utaniwia radhi.

Walifika tarehe kumi na saba. Mama anaitwa Marlys, baba anaitwa Dale. Mama ni mwembamba, ana mikono ya mtu aliyezoea kazi. Baba ni mrefu hadi anainamia taa zetu. Siku ya kwanza alionyesha kidole kwenye sinia bila kujua, akaletewa miguu ya kuku, akaila yote sita kwa heshima, jasho likimtoka. Mzee Kuang, mpishi wetu mkuu, ameona huyu ndiye mtu anayejua kula, na kila asubuhi anamtumia sahani nyingine ya bure. Mgeni hajui atakataaje.

Figili alikuja kwenye meza ya uji asubuhi ya tarehe kumi na nane. Nilimtambua kabla ya kuona kovu. Zaidi ya hapo, asubuhi ile haina la kusimulia.

Dada, mtoto hali. Sikufichi. Siku nane sasa tangu wampokee. Anakunywa maji, anatafuna biskuti moja kukiwa hakuna anayemtazama, basi. Yule mama ana fomu yako. Binti Ouyang, mwongozaji wao anayejua lugha yao, amemtafsiria, naye anatembea nayo mkobani na kuitoa kila mlo. Anafuata mstari kwa mstari: yai la mvuke, ndizi iliyopondwa, maziwa yenye sukari, nyama laini ya samaki. Meza inajaa. Figili anafunga mdomo na kuangalia pembeni. Jana nilimkuta yule mama chooni amesimama mbele ya kioo na fomu mkononi, analia bila sauti. Nadhani anaamini kosa ni lake.

Hata matembezi hayasaidii. Juzi waliwapeleka bustanini kwenye sanamu ya mbuzi watano. Watoto wenziwe walichezea majani, yeye alisimama pale waliposhuka kwenye basi. Jana walipanda mashua mchana, baba akamnyanyua mabegani aone madaraja, akakaa huko juu kama mzigo. Na hotelini walikalishwa watoto saba kwenye kochi, hariri nyekundu tupu, wapigwe picha. Sita walikuwa wanalia. Figili hakulia. Alikuwa anatazama mlango.

Daktari amesema wakimwona ana homa watamlaza, na safari itasimama. Yule baba amemuuliza Binti Ouyang kama labda mtoto anawakataa, kama ni haki kumchukua mtoto asiyewataka.

Ulimpa ndizi lini, Dada? Nyumba yetu ndizi iliingia lini? Niambie alichokuwa anakula kweli. Wanaondoka tarehe ishirini na tano, na barua huchukua siku nne kwenda na nne kurudi, najua hesabu haitoki. Nimepiga simu kwa mjane Yu mara mbili. Mara ya kwanza alisema uko shambani. Mara ya pili alisema uko shambani, na nyuma yake nikasikia kikohozi chako.

Lianfeng


Guangzhou, 26 Aprili 2004

Dada yangu,

Sikupata jibu, wala sikulitegemea. Haisheng anakusalimu, na binti anasema shangazi za wenzake hawana vituko kama mama yake mkubwa. Wageni wako waliondoka jana. Kaa chini, nikusimulie.

Tarehe ishirini na moja nilirudi nyumbani, nikakaa kitandani nikijiuliza: mimi mwenyewe nililelewa kwa nini? Mama alikufa nikiwa na miaka mitatu, wewe kumi na minne. Mtoto aliyemlea mtoto angempa nini? Jibu likanijia mdomoni kabla ya kichwani. Ukoko. Ukoko wa chini ya karai, ulioloweshwa kwenye maji ya wali, na juu yake kijiko kidogo cha maharage meusi ya kuchachusha na pilipili, pamoja na achari ya figili. Ulikuwa unauvunja kwa mkono, unapuliza, unaonja wewe kwanza, ndipo unanipa. Kama huonji, sili.

Tatizo ni kwamba mgahawa kama wetu hauna ukoko. Wali wetu unapikwa kwa mvuke, mweupe, hauna hata doa. Kwa hiyo kesho yake nilichukua karai nikautandaza wali chini, moto juu, nikauacha. Mzee Kuang alinusa akaja mbio.

"Nani anaunguza wali wangu?"

"Mimi."

"Miaka kumi na minne hujaunguza hata punje. Leo umerogwa?"

"Leo nina mgeni."

"Mgeni gani anakula makaa?"

"Mgeni wa kwetu. Toka njiani, Mzee, linawaka."

Akasimama hapo hapo, mikono kiunoni. Nilipotoa lile duara la kahawia likiwa zima, alilivunja kipande akatafuna, akatazama ukutani. "Mama yangu," akasema, kisha akaenda zake. Wakantoni, watu wa huku, nao wana mama.

Nilipeleka bakuli mezani bila kusema neno. Sikumpa mtoto. Niliweka mbele ya yule mama. Binti Ouyang akaniuliza, "Shangazi Feng, leo ulimi umeuacha wapi?" Nilimshika yule mama mkono, nikauonyesha: vunja hivi, chovya, puliza, onja wewe. Alipoonja, pilipili ya kwetu ikamkamata. Akakohoa, uso ukawa kama kitambaa cha harusi, machozi yakamwagika hadi kidevuni. Akataka maji. Nikamzuia, nikamwonyesha: tena.

Akaonja tena, jamani. Hajui ni nini, hajui mimi ni nani, fomu haikusema, naye akaonja tena huku analia.

Ndipo Figili akamtazama. Nafikiri ilikuwa mara ya kwanza kumtazama usoni. Akanyoosha kidole akagusa shavu lililolowa, akakilamba kile kidole. Kisha akafungua mdomo. Kipande cha kwanza kikamponyoka yule mama, akaokota kingine. Mtoto alikula bakuli zima, akaonyesha kidole ndani ya bakuli tupu, nikaleta la pili. Baba alitoka nje akasimama chini ya mti, mgongo kwetu, mabega yakicheza. Aliporudi alikula miguu yake ya kuku na mifupa karibu aimeze.

Siku tatu zilizobaki alikula asubuhi, mchana na jioni. Walimpeleka hekaluni na kopo la ukoko, wakampeleka sokoni kununua nguo za hariri za kila umri mpaka wa kuolewa, na kopo mkononi. Nilimfungia yule mama mtungi wa maharage na wa achari. Nilimweleza Binti Ouyang jikoni nguvu ya chakula kile imetoka kwa nani, nikamwapisha asiseme.

Asubuhi ya mwisho yule mama alikuja kuniaga amembeba Figili, macho yamelegea kwa usingizi. Hereni alikuwa amezivua. Mtoto alikuwa ameshika ndewe ya sikio lake.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni ndiyo. Anakula.

Kuna jambo moja sikukueleza. Nitakueleza siku moyo wangu ukitulia.

Lianfeng


Xiakeng, 9 Mei 2004

Mdogo wangu,

Barua zako mbili nimezipata. Nilizisoma ya pili kwanza, kwa bahati, la sivyo ile ya kwanza ingeniua. Shemeji yako amenitaka nimsomee pale pa hereni mara nne. Bata wawili wamechukuliwa na mwewe. Wengine ni wazima.

Mficha maradhi kilio humwumbua, na mimi kilio changu umenisikilizia wewe. Siku ya kujaza fomu tulikaa akina mama sita kituoni, kila mmoja na kalamu. Nikachungulia ya mkwe wa akina Deng. Ameandika maziwa. Wa upande wa pili ameandika samaki. Basi mimi niandike ukoko? Niandike kwamba mtoto wa kwenda Amerika nimemlisha mabaki ya karai na pilipili, kwamba hana kitanda, kwamba hadi leo nambeba mgongoni na kulala naye? Wangesema Mama Zhiping kamlea mtoto kama bata. Nikaandika mambo ya watu wenye nyumba. Ndizi niliiona kwenye kalenda ya ukutani pale pale.

Simu nilikuwa nimesimama pembeni yake. Mjane Yu alinitazama, akasema unauliza mtoto alikuwa anakula nini, nikatikisa kichwa. Dukani walikuwepo watu watano. Nilishindwa kusema neno "ukoko" mbele yao, na kumbe mtoto alikuwa na njaa. Nimeliandika hapa ili nilione.

Na lile swali lako la mwezi wa tatu. Niliomba waniachie, mara mbili. Mara ya kwanza mkuu wa kituo alicheka kwa upole. Mara ya pili hakucheka, akasema, "Mama Zhiping, una miaka hamsini na mitano. Akimaliza shule utakuwa na mingapi?" Nilirudi nyumbani nikihesabu vidoleni.

Nieleze hilo jambo ulilobakiza. Moyo ukitulia sana nao husahau.

Runxiu


Guangzhou, 27 Juni 2004

Dada,

Tumekula wali wa kufungwa majanini sikukuu ya mashua, lakini hakuna anayefunga kama wewe, wa huku unafumuka. Binti amemaliza mtihani na sasa analala mpaka adhuhuri. Haisheng ametengeneza lifti yetu mwenyewe kwa hasira. Sasa tunapanda kama mabwana.

Lile jambo ni hili. Asubuhi ile ya kwanza, kabla sijamwona Figili, niliita jikoni, "Uji bakuli mbili!" Unajua nikipaza sauti hutoka ya kwetu, na watu wote husema nikiwa nyuma ya ukuta sauti yangu na yako hazitofautiki. Nikasikia viatu vinalia mbio. Mtoto akanikumbatia miguu, uso kwenye aproni, akasema, "Bibi, umechelewa." Kisha akainua uso akaniona. Dada, sijawahi kuona mtu akinitazama vile. Hakulia papo hapo. Alizunguka nyuma yangu kukutafuta, akatazama chini ya meza ya uji. Ndipo akalia.

Kabla ya hapo, Binti Ouyang anasema, alikuwa anakubali walau vijiko viwili vitatu. Baada ya hapo alifunga mdomo kabisa. Nilikulaumu wewe na fomu yako huku nikijua kwamba mimi nimeongeza. Kuanzia siku hiyo sikutoa sauti mbele yake wiki nzima. Jikoni walinicheka, wakasema nimeweka nadhiri. Kumpa mama yake lile bakuli badala ya kumlisha mwenyewe lilikuwa jambo gumu kuliko yote niliyowahi kufanya, maana mikono yangu ilikuwa inawasha.

Sasa soma karatasi niliyoambatisha. Binti Ouyang kiapo chake hakikufika uwanja wa ndege. Aliwaambia kila kitu kukuhusu, na yule mama ameandika. Nakunakilia tafsiri yake:

"Kwa Bibi wa Figili. Tumemwita Nora, lakini Figili tunalitumia nyumbani, naye hulitamka vizuri kuliko sisi. Anakula kila kitu mradi kina pilipili. Mume wangu sasa huunguza wali makusudi. Anacheka, analala, ameongezeka kilo mbili. Kuna kitu kimoja tu. Mtu yeyote akitoka nje, hata kwenda kuchukua barua getini, yeye huenda kusimama mlangoni. Hachezi wala hakai wala hali mpaka mtu arudi. Wakati mwingine hakuna aliyetoka, bado anasimama. Nikimuuliza, husema neno moja la kwenu, na Bi Ouyang ameniambia maana yake ni 'anakuja'. Nataka kujua neno la mwisho ulilomwambia siku ile. Akikua ataniuliza, nami sitaki kumtungia. Asante kwa mtoto. Sijui neno kubwa kuliko asante kwa lugha yoyote. Marlys."

Kuna na picha. Binti Ouyang anangoja jibu atafsiri.

Lianfeng


Xiakeng, 19 Agosti 2004

Mdogo wangu,

Nimekuweka sana, najua. Tumevuna mpunga wa kwanza na kupandikiza wa pili, lakini mpunga haukunizuia kuandika. Hongera kwa binti kupata chuo, shemeji yako alipita nyumba kwa nyumba kutangaza kana kwamba mtihani kafanya yeye. Zhiping amepata mchumba, msichana wa Hunan anayekula pilipili kuliko sisi. Kuhusu ile asubuhi ya uji, usijisumbue. Sauti ya ukoo huwezi kuiacha nyumbani kama mwavuli.

Barua ya yule mama nimeandikia majibu matatu. La kwanza lilisema nilimwimbia. La pili lilisema nilimwambia awe na adabu na asome kwa bidii. La tatu lilikuwa zuri kuliko yote. Shemeji yako akalisoma, naye unajua si mtu wa maneno, akasema, "Runxiu, hii ni fomu nyingine." Nikayatia kwenye moto wa jiko yote matatu.

Basi mpe Binti Ouyang haya, ayatafsiri kama yalivyo, asiyapambe.

Asubuhi ile gari la kituo lilisimama kwenye uwanja wa kuanikia mpunga. Figili alikuwa mgongoni kwangu na hataki kushuka. Mfanyakazi wa kituo akaninong'oneza nitoke kimya kimya, ndivyo wanavyofanya wote, mtoto akiagwa hulia njia nzima. Nikamshusha, nikamkalisha kwenye kiti cha gari. Nikamwambia, "Bibi anakwenda kununua chumvi. Kaa hapa usishuke, nakuja sasa hivi." Akasema, "Twende wote." Nikamwambia duka liko karibu. Akakubali. Hakuwahi kukataa neno langu.

Sikwenda dukani. Nilizunguka nyuma ya banda la bata nikasimama, nguo mdomoni. Ni hatua ishirini, nimezihesabu baadaye. Nilimsikia anawaambia wale watu, "Ngojeni, Bibi anakuja." Dereva akawasha gari. Akawaambia tena, kwa adabu, kama nilivyomfundisha kusema na wakubwa. Hakulia, kwa sababu aliniamini.

Hilo ndilo neno langu la mwisho kwake. Miezi minne nimelala nalo, na kumbe yeye amesimama nalo.

Mwambie yule mama asingoje mtoto akue. Amwambie leo, kwa lugha yoyote anayoielewa, achuchumae naye pale mlangoni ampe sikio lake alishike. Aseme hivi: Bibi alikudanganya. Hakwenda kununua chumvi. Alikuwa nyuma ya banda, alikuwa anakusikia, alikupenda akashindwa kusema. Bibi harudi. Hukukosea kitu, na hakuna wa kumngojea tena. Toka mlangoni, mwanangu. Kaa na mama yako, ule.

Runxiu